Kuhudumu katika bodi ya duka la ushirika la vyakula nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani ambao ni wanachama wa maduka ya vyakula yanayomilikiwa na wateja wenyewe, na ambao wameombwa kugombea ujumbe wa bodi au wanalifikiria jambo hilo. Majibu yanahusu ushirika wa walaji, yaani duka ambalo mwenye mali ndiye huyo huyo anayekuja kununua unga na nyanya. Hayahusu duka linalomilikiwa na wafanyakazi wake, ambalo taratibu zake ni nyingine. Sheria za ushirika hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo pale jibu letu linapopishana na masharti ya chama chako au sheria ya jimbo lako, fuata masharti na sheria.

Duka hili ni la nani hasa?

Ni la wanachama walionunua hisa, na kila mwanachama ana kura moja tu, hata kama mwenzake ameweka mtaji mara ishirini ya wake. Kanuni hiyo ilijengeka Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, ambako waanzilishi 28 walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 wakiwa na siagi, sukari, unga na mishumaa. Nchini Marekani maduka mengi yaliyopo leo yalizaliwa katika miaka ya 1970, kama vile Park Slope Food Coop ya Brooklyn mwaka 1973 na Willy Street Co-op ya Madison mwaka 1974. Mengine ni machanga: Gem City Market ya Dayton ilifunguliwa mwaka 2021 na Detroit People's Food Co-op mwaka 2024, katika miji ambamo mitaa mingi ya watu weusi ilikuwa imekimbiwa na maduka makubwa.

Je, haya ni sawa na maduka ya ushirika tuliyoyajua nyumbani?

Jina ni moja, lakini asili yake ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini bodi ya duka la Marekani ina mzigo mkubwa kuliko inavyoonekana. Wasomaji waliokulia Tanzania watakumbuka, au watakuwa wamesimuliwa na wazazi, habari za COSATA iliyoundwa mwaka 1962 ili kusambaza bidhaa kupitia maduka ya ushirika, na baadaye Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Maduka hayo ya mwisho yalitokana na agizo. Wananchi walipewa duka kabla hawajalitaka, na bidhaa zilipoadimika walibaki na foleni ya sukari na sabuni.

Duka la ushirika la Marekani halianzishwi kwa agizo la mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayelazimika kuliokoa. Hata leo Tanzania ina Mrajis wa Vyama vya Ushirika, mwenye mamlaka ya kukagua chama na kuichukulia hatua bodi iliyopotoka, na lipo shirika la umma la kukagua hesabu za vyama, COASCO. Huku hakuna Mrajis wa namna hiyo. Ofisi ya jimbo hupokea nyaraka za usajili na taarifa za mwaka, basi. Haitakuja kuuliza kwa nini deni la wasambazaji limepanda. Jicho pekee lililo juu ya meneja kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine ni bodi, nayo ikisinzia, wanachama watapata habari siku wanapokuta mlango umefungwa.

Bodi hufanya nini, na haifanyi nini?

Bodi humwajiri meneja mkuu, humpangia malengo na mipaka, hupima kazi yake, na humwondoa inapobidi. Hupitisha bajeti kubwa na mikopo, hulinda mtaji wa wanachama, humteua mkaguzi wa hesabu, huamua mwelekeo wa duka kwa miaka ijayo, na hutoa taarifa katika mkutano mkuu wa mwaka. Haipangi rafu, haiagizi bidhaa, haimwajiri mfanyakazi wa kaunta na haiamui bei ya ndizi.

Wajumbe wapya wengi husikitika wanapolitambua hilo, kwa kuwa waligombea ili duka lianze kuuza unga wa dona au samaki wa aina fulani. Ni hamu nzuri, na kama mteja unaweza kuipeleka kwenye sanduku la maoni kama mwanachama mwingine yeyote. Lakini jambo ambalo halisemwi wazi vya kutosha ni kwamba mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka yoyote. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imeketi, akidi imetimia na kura zimepigwa. Nje ya kikao, mwenyekiti mwenyewe ni mteja mwenye kapu mkononi, na akimwambia mfanyakazi ahamishe sanduku la viazi, mfanyakazi yule ana haki ya kumwelekeza kwa meneja.

Sababu yake ni ya kiutendaji. Meneja anayepokea maagizo kutoka kwa wajumbe tisa hawezi kuwajibishwa na yeyote, kwa kuwa kila kosa lake litakuwa na mjumbe aliyemtuma.

Mwanachama akinilalamikia nikiwa dukani, nimjibu nini?

Msikilize, mshukuru, na umweleze njia rasmi: malalamiko kuhusu huduma au bidhaa huenda kwa meneja, na maoni kuhusu sera au mwelekeo wa chama huenda kwa bodi kwa barua au katika sehemu ya kikao iliyotengwa kwa wanachama. Usimwahidi kitu. Kwa sisi tuliolelewa kuamini kwamba mtu mzima hamwachi mgeni wake aondoke mikono mitupu, jibu hili huonekana la baridi, na katika jumuiya ndogo ambamo mlalamikaji ni shemeji yako au mnaswali pamoja, linahitaji moyo. Hata hivyo ahadi uliyoitoa kando ya jokofu la maziwa itakurudia kikaoni ikiwa imeshakuwa "bodi ilisema".

Ni hesabu gani ninazopaswa kuzielewa?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Si lazima uwe mhasibu, lakini ni lazima uweze kusoma nyaraka tatu: taarifa ya mapato na matumizi, mizania (yaani orodha ya mali na madeni ya duka kwa siku fulani), na taarifa ya mtiririko wa fedha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mteja ameacha dola 100 kwenye kaunta. Dola 63 zinakwenda kwa wasambazaji walioleta bidhaa, kwa hiyo faida ghafi ni dola 37. Mishahara na marupurupu ya wafanyakazi vinachukua 25. Pango, umeme wa majokofu yasiyozimwa usiku wala mchana, ada za kadi za benki, bima, matengenezo na riba ya mkopo vinachukua 11. Imebaki dola moja. Biashara ya vyakula huishi kwenye dola hiyo moja au mbili, na ndiyo maana mambo yanayoonekana madogo huweza kuiua: mboga zinazooza kwa sababu ziliagizwa nyingi, wizi, bei zilizokosewa kwenye mashine, saa za kazi zilizoongezwa wakati mauzo yamelala. Faida ghafi ikishuka kutoka 37 hadi 35 na matumizi yakabaki yale yale, ziada ya dola moja imegeuka hasara ya dola moja, na hakuna mteja aliyeona tofauti yoyote dukani.

Kwa mizania, tazama kwanza mali inayoweza kugeuzwa fedha karibuni ukiilinganisha na madeni yanayodaiwa karibuni. Duka linaweza kuonyesha faida kwenye karatasi na bado likakosa fedha taslimu za kulipa mishahara ya Ijumaa, kwa sababu fedha imelala stoo katika mfumo wa makopo ya maharage au imekwenda kulipa mkopo wa majokofu. Ishara ya hatari ambayo wajumbe wengi huipita ni wasambazaji wanaolipwa kwa kuchelewa zaidi kila mwezi. Duka linaloanza kujikopesha kwa kuwachelewesha wanaoliuzia lina miezi michache tu kabla rafu hazijaanza kuonyesha mapengo, na mteja akishaona mapengo mara mbili, mara ya tatu anakwenda kwingine.

Linganisha kila tarakimu na bajeti, kisha na mwaka uliopita wakati kama huo, kwa kuwa Novemba ya duka la vyakula haifanani na Februari. Na usione aibu kuuliza. Swali la "mstari huu unamaanisha nini?" limewahi kugundua mengi kuliko hotuba ndefu, kwa sababu mara nyingi watu wengine watatu mezani nao hawajui, ila wamenyamaza.

Faida ikipatikana, nani anaichukua?

Bodi ndiyo huamua. Inaweza kuiweka akiba, kulipia deni, kukarabati duka, au kutangaza gawio kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja, si kulingana na hisa zake. Chini ya sheria ya kodi ya shirikisho, ili chama kipunguziwe kodi kwa gawio la namna hii kwa utaratibu wa kawaida, angalau asilimia 20 ya gawio hulipwa kwa fedha, na sehemu iliyobaki inaweza kubakizwa dukani kama mtaji wa mwanachama huyo. Malipo na taarifa hutolewa ndani ya miezi minane na nusu baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Kwa mwanachama anayenunua chakula cha nyumbani kwake, gawio hilo kwa kawaida halihesabiwi kuwa kipato cha kutozwa kodi.

Maduka haya huanguka kwa nini?

Kuna mifano miwili ambayo kila mjumbe angefaa kuijua.

Wa kwanza ni wa Greensboro, jimbo la North Carolina. Mtaa mmoja wa kaskazini mashariki mwa mji huo ulipoteza duka lake kubwa la vyakula mwaka 1998, na baada ya miaka mingi ya kuhangaika wakazi wakajiunga, wakachanga, wakakopa, na wakafungua Renaissance Community Co-op mwaka 2016. Lilifungwa Januari 2019. Nia ilikuwepo na uongozi ulijitoa, lakini mauzo hayakuwahi kufikia makadirio, na duka jipya lenye madeni haliwezi kusubiri wateja wabadilishe mazoea yao ya miaka kumi na minane ya kuendesha gari kwenda kununua mbali.

Wa pili ni wa Berkeley, California, ambako ushirika wa walaji uliozaliwa katika miaka ya 1930 ulikua hadi kuwa na wanachama zaidi ya laki moja na maduka kadhaa, kisha ukafa mwaka 1988. Huo haukukosa wateja. Ulijitanua kwa kununua maduka ambayo hayakuleta faida, na bodi yake iligawanyika kambi kambi, uchaguzi ukawa uwanja wa siasa, na muda ambao ungetumika kutazama hasara ukatumika kushindana.

Kwa maoni yangu kisa cha pili kinafundisha zaidi, maana bodi ya Greensboro ilipambana na jambo lililokuwa kubwa kuliko uwezo wake, ilhali ile ya Berkeley ilikuwa na nafasi ya kuona na kutenda kwa miaka mingi.

Sina shahada ya biashara, na Kiingereza changu hakijanyooka. Je, nafaa?

Shahada si sharti. Bodi nzuri huchanganya mtu wa hesabu, mtu wa sheria, mtu aliyewahi kuajiri na kuachisha kazi, na watu wanaoujua mtaa. Mama aliyewahi kuweka daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, au aliyekuwa mweka hazina wa chama cha mazishi na kila senti ikaonekana, ameshafanya kwa udogo kile bodi inachokifanya kwa ukubwa.

Lugha ni jambo la kushughulikiwa, si la kufichwa. Omba nyaraka zifike angalau wiki moja kabla ya kikao ili uzisome kwa utulivu, na uulize kama chama kinaweza kugharamia mkalimani. Usichopaswa kufanya ni kupiga kura juu ya waraka usiouelewa kwa sababu wenzako wameinua mikono.

Ni lazima niwe raia wa Marekani?

Kwa kawaida sheria za ushirika hazidai uraia. Masharti ya chama hudai uwe mwanachama uliyelipa hisa zako na, mara nyingi, uwe umetimiza miaka 18. Tahadhari iko kwenye malipo. Posho ya bodi inaweza kuhesabiwa kuwa kipato, na punguzo la bei dukani nalo huenda likachukuliwa hivyo, kwa hiyo mtu ambaye viza yake inambana kufanya kazi amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupokea chochote.

Kazi hii huchukua muda gani, na inalipwa?

Kikao cha kila mwezi cha saa mbili au tatu, saa nyingine kadhaa za kusoma, kamati moja, na siku moja au mbili za mafunzo au mipango kwa mwaka. Muhula mara nyingi ni wa miaka mitatu, na wajumbe huchaguliwa kwa awamu ili wote wasiondoke kwa pamoja. Malipo, yakiwepo, ni posho ndogo au punguzo la bei. Mwenye kutafuta kipato atafute kwingine.

Ninauza sambusa zangu katika duka hilo hilo. Je, nizuiliwe kugombea?

Si lazima, mradi masharti ya chama hayakatazi. Kinachotakiwa ni kutamka maslahi yako kwa maandishi kabla ya uchaguzi na tena kila mwaka, kutoka nje ya chumba pale linapojadiliwa jambo linalogusa mkataba wako au sera ya wasambazaji wadogo, na kuhakikisha kwamba muhtasari unaonyesha ulitoka. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi, kwa sababu kuwapo kwako kunawafunga wenzako mdomo. Kanuni hiyo hiyo inamhusu mwenye jengo la jirani, mwenye mtoto aliyeajiriwa dukani, na mjumbe ambaye kampuni ya ndugu yake inataka zabuni ya kutengeneza majokofu.

Vilevile usizungumze na mnunuzi wa duka kuhusu sambusa zako huku ukiwa umetoka kikaoni na beji yako kifuani. Hutakuwa umesema neno baya, lakini mnunuzi yule anajua kwamba wewe ni mmoja wa wanaompima bosi wake.

Duka likifilisika, nitanyang'anywa nyumba yangu?

Kwa kawaida hapana. Chama kina nafsi yake kisheria, na madeni yake si madeni ya wajumbe. Sheria inakudai uangalifu, yaani kusoma, kuhudhuria na kuuliza, na inakudai uaminifu, yaani kutanguliza maslahi ya chama. Mahakama za Marekani kwa kawaida haziuadhibu uamuzi uliotolewa kwa nia njema, baada ya kupata taarifa za kutosha, na pasipo maslahi binafsi, hata kama uamuzi huo ulileta hasara. Juu ya hilo, uliza kama chama kina bima ya wajumbe wa bodi, na uombe kuiona hati yake.

Kuna jambo moja la kuogopwa: kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi. Duka likiishiwa fedha kisha likazitumia fedha hizo kulipa wasambazaji badala ya kuziwasilisha serikalini, mamlaka ya kodi ya shirikisho inaweza kumdai binafsi mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya malipo hayo akaacha kwa makusudi. Kwa sababu hiyo, katika miezi ya dhiki, bodi idai uthibitisho wa maandishi kila mwezi kwamba kodi hiyo imelipwa.

Nikishindwa katika kura, nifanye nini?

Pinga kikaoni kwa nguvu zako zote, omba upinzani wako uandikwe kwenye muhtasari, kisha ukitoka nje uutetee uamuzi au unyamaze. Usiende kwenye kundi la WhatsApp la wanachama kueleza nani alisema nini. Ikiwa uamuzi ni wa kuvunja sheria, hiyo ni habari nyingine: waandikie wenzako, muulize mwanasheria wa chama, na ujiuzulu ikibidi.

Wafanyakazi wakitaka kuunda chama cha wafanyakazi, mimi nisimame wapi?

Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1935 inawapa haki hiyo, na wewe kama mjumbe uko upande wa mwajiri hata kama moyo wako uko kwao. Usiwatishe, usiwahoji kuhusu msimamo wao, usiwaahidi nyongeza ili waache, na usiwapeleleze. Maduka mengi ya ushirika yana vyama vya wafanyakazi na yanaendelea vizuri. Ugumu huwa kwa bodi inayodhani kwamba, kwa kuwa duka ni la watu, wafanyakazi hawana la kudai.

Nifanye nini kabla ya kuchukua fomu ya kugombea?

Hudhuria vikao viwili vya bodi kama msikilizaji. Vyama vingi huruhusu, isipokuwa sehemu za faragha zinazohusu mfanyakazi, mkataba au kesi. Omba masharti ya chama, taarifa za mwaka za miaka mitatu iliyopita, barua ya mwisho ya mkaguzi wa hesabu na muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Tazama ni muda gani wa kikao unatumika kwenye hesabu na ni muda gani unatumika kwenye mambo ambayo meneja angeyamaliza peke yake. Kisha zungumza na mjumbe aliyemaliza muda wake, si aliyeko madarakani, umuulize ni uamuzi gani bodi ilichelewa kuufanya wakati wake, na ni nani aliyeona mapema kwamba wanachelewa.